Maji Yakitakata

Wiki mbili zilizopita tulimzika Bwana Silwimba, nyumbani kwake katika eneo la Mpemba, si mbali na barabara kuu. Malori yalikuwa yanapita wakati mchungaji anasoma, na kila lilipopita moja zito ilimbidi anyamaze, asubiri, kisha aendelee. Baadaye mwongozaji akaomba mmoja wa tuliofanya kazi na marehemu aseme neno. Wenzangu wakanigeukia mimi. Nikasimama, nikasema alikuwa mchapakazi, alipenda utani, na hakuionea aibu kazi ambayo wengine waliipita wameziba pua. Watu wakacheka kidogo, wakaitikia, nikakaa. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Mama aliyekaa pembeni akanishika mkono, akidhani ni majonzi. Hayakuwa majonzi peke yake. Nilikuwa nimefika karibu kabisa na jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu, nikalizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Sasa nalisema hapa, taratibu, ili hata asiyewahi kuona bwawa la majitaka maishani mwake anielewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Isansa, huko Mbozi, nikaja kufanya kibarua kwenye mabwawa ya majitaka nje kidogo ya mji wa Tunduma, nikapanga chumba uani kwa Bi Mwanahawa, mama wa Kitanga aliyefika mpakani miaka mingi kabla yangu na kufungua mgahawa wa madereva. Chumba changu na mgahawa vilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukufika juu. Kwa hiyo nililala na kuamka katikati ya mazungumzo ya watu nisiowaona: foleni imefika wapi, nani kakwama na mzigo siku ngapi, nani kaoa upande wa pili, Zambia, na mkewe wa huku hajui. Niliwajua madereva kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura. Harufu za chakula pia zilipita juu ya ukuta ule. Asubuhi chapati na chai ya rangi yenye tangawizi, mchana wali na maharage au ugali na nyama ya kuchemsha, na kila sahani lazima iwe na kachumbari pembeni, nyanya na vitunguu na giligilani mbichi iliyokatwakatwa. Bi Mwanahawa alisema chakula kisicho na giligilani ni chakula cha mgonjwa.

Alikuwa akiishi na mjukuu wake, Saumu, wa miaka sita, mtoto mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilipotoka kazini alinisubiri mlangoni mwa mgahawa na kupaza sauti, "Dada Majitaka! Leo umeona nini kwenye mavi?" Madereva wanaangua kicheko, bibi yake anapiga meza kwa mwiko. "Saumu! Watu wanakula!" Mtoto anapunguza sauti na kurudia swali lile lile, na mimi namjibu, maana nilipenda kuulizwa. Nilimwambia leo nimeona soksi, leo nimeona simu, leo nimeona chura amekaa juu ya ubao kama mwenyekiti wa kijiji. Nikiri kwamba nilimpenda yule mtoto kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote katika mji ule.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Mji wa mpakani una nyumba nyingi za wageni, na vyoo vyake hujaa haraka. Magari ya kunyonya vyoo huvuta uchafu ule na kuja kuumwaga kwenye bwawa la kwanza. Bwawa hilo lina kina kirefu. Vizito vinazama, vinaoza polepole chini pasipo hewa. Maji ya juu yanapita kwa bomba kwenda bwawa la pili, yanapumzika tena. Kisha yanakwenda la tatu, ambalo ni pana na kina chake ni kifupi, ili jua liyapige hadi chini. Hapo ndipo vijidudu vya magonjwa vinapokufa. Hakuna mashine. Kuna jua, hewa, na siku za kutosha. Mwisho wa bwawa la tatu kulikuwa na koki, na chini ya koki bustani za kina mama waliolima chainizi na sukumawiki na vitalu vya miche ya miti. Masharti yao yalikuwa machache: maji yapite kwenye mifereji, yasimwagwe juu ya majani, na wasilime kwa maji yale kitu kinacholiwa kibichi. Waliyafuata vizuri. Kiongozi wao, Mama Fide, alikuwa na kitalu kidogo cha giligilani pembeni, ambayo Bi Mwanahawa alinunua kwake, lakini hicho alikimwagilia kwa ndoo za maji ya bomba, akizibeba kichwani kutoka kwake.

Mwenye kazi pale alikuwa Bwana Silwimba. Mimi nilikuwa mikono yake tu. Alikuwa Mnamwanga mrefu, mkavu, wa maneno machache, na maneno hayo machache mengi yalikuwa utani. Aliniita Mnyiha, kwa kabila langu, hata alipolijua jina langu. "Mnyiha, kwenu mnaosha kahawa, huku tunaosha waliokunywa kahawa." Kila asubuhi alichota maji ya bwawa la tatu kwa glasi, akaiinua juani, akatazama, akatikisa kichwa au akaguna. Sikuwahi kumwuliza anaangalia nini. Niliona aibu kuuliza, na nilidhani najua. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, kwa hiyo naomba nilieleze vizuri. Kwetu, kahawa ikishamenywa inalazwa kwenye tangi hadi ule utelezi ulegee, kisha inaoshwa mferejini. Mtoto wa Mbozi anajua tangu akiwa mdogo kwamba unaosha, unaosha, maji yanatoka ya kahawia, yanatoka ya manjano, mpaka yatoke meupe. Yakitoka meupe, kahawa imetakata, kazi imekwisha, mnaweza kwenda nyumbani. Ninaposikia neno kutakata, hata leo, macho yangu yanaona mfereji ule na maji yanayoonyesha sakafu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, kiangazi kimekaza. Nyuma ya ukuta wa mbao mazungumzo yalikuwa yamebadilika. "Upande wa pili wameweka mahema," sauti moja ilisema. "Mahema ya nini?" "Kipindupindu, ndugu yangu. Jirani yangu wa foleni kalala mzima, saa nne asubuhi wanambeba." Nyingine ikasema, "Punguza hiyo pilipili, utajidhania unaumwa." Walicheka, lakini kicheko kiliisha mapema. Nililala nikiwa nimejikunja. Wiki hiyo hiyo Bwana Silwimba alipata msiba kwao Msangano. Aliondoka Jumamosi, akaniachia ufunguo wa koki, akiwa tayari amepanda pikipiki. "Bwawa la tatu tumelijaza juzi, halijawa tayari. Likitakata, wafungulie kina mama. Lisipotakata, wavumilie hadi nirudi. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Pikipiki ikaondoka.

Siku ile na Jumapili yake bwawa lilikuwa kijani kama mchuzi wa matembele. Mama Fide alikuja kusimama kwenye uzio. "Binti, chainizi zetu zinakufa kiu, na wewe unayachungulia maji kama mtu anayejitazama kwenye kioo." Nikamwambia bado hayajatakata, mama. Akasonya, lakini kwa upole. Jumatatu asubuhi nilifika nikakuta ajabu. Bwawa lote la tatu limekuwa jeupe. Niliona changarawe za chini. Niliona mti uliodondoka humo miezi mingi nyuma, na matawi yake yote. Nilifurahi kiasi cha kumwita Mama Fide kwa kelele, na nilipofungua koki wanawake walipiga vigelegele. Maji yalikuwa mengi na mazuri kwa macho hata wakaacha mifereji, wakachota kwa makopo na kumwagia juu. "Maji haya hata ukiyanywa!" mmoja alisema. Mama Fide, ambaye shingo yake ilikuwa imechoka kwa kubeba ndoo, alikimwagilia nayo kitalu chake cha giligilani. Nilimwona. Nikatabasamu.

Bwana Silwimba alirudi Alhamisi. Hakusalimia. Alisimama kwenye ukingo wa bwawa akiwa bado na begi begani, akatazama, kisha akauliza bila kugeuka, "Nani kafungua?" Nikasema ni mimi, yametakata tangu Jumatatu. Akafunga koki kwanza. Kisha akachota glasi yake, akaniita, akaiinua juani. "Tazama. Usitazame maji, tazama ndani ya maji." Nikaona vitu vyekundu vidogo kuliko chembe ya ulezi vinarukaruka. Mamia. "Wadudu hawa wanazaliwa ghafla," alisema. "Wanakula ule ukijani wote. Na ule ukijani ndio mfanyakazi wetu, Mnyiha. Jua likiupiga unatoa hewa, unayafanya maji yawe makali, vijidudu vinakufa. Ukiondoka, maji yanabaki matupu. Haya hayajatakata. Yamevuliwa nguo." Kisha akaniuliza nini kilichomwagiliwa. Nilipotaja giligilani, alikaa chini kwenye ukingo. Mama Fide alikuwa ameanza kuikata tangu Jumatano asubuhi.

Sijui kama nitaweza kueleza hofu ya njia ile ya kurudi nyumbani. Siku hizo nilikuwa nikiifananisha na kitu kinachonifuata. Sasa naona haikuwa nyuma yangu, ilikuwa mbele, imekaa mezani kwa Bi Mwanahawa inanisubiri. Nilipofika, bakuli la kachumbari lilikuwa limebaki nusu. Saumu alikuwa amemaliza kula na vidole vyake vilikuwa na majani. "Dada Majitaka, leo umeona nini?" Nikasema sijaona kitu. Akanikazia macho, maana haikuwahi kutokea. Nilikuwa na neno mdomoni na nafasi ya kulisema. Bibi yake alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anasugua sufuria. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nilijiambia wengi wanakula na hawapati kitu. Nilijiambia labda nakuza mambo.

Ijumaa asubuhi Saumu alianza kuhara na kutapika. Nilisikia kila kitu juu ya ukuta. Kufika saa tano macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya mkono wake, ukiifinya, ilibaki imesimama. Bi Mwanahawa alimfunga mgongoni kwa khanga, akapanda bajaji kwenda kwenye mahema ambayo sasa yalikuwa yamewekwa upande wetu pia. Mimi nilikimbia mabwawani. Bwana Silwimba alinisikiliza hadi mwisho. "Unataka kusema," alisema. Nikasema ndiyo. "Basi nikwambie kitakachofuata. Ukisema, watu watakuja hapa na mawe. Mabwawa yatafungwa. Lakini vyoo havifungwi, Mnyiha. Magari yataendelea kunyonya, na yatamwaga bondeni. Bondeni ndiko watu wanakochota. Mtoto mmoja anaumwa. Unataka waumwe wangapi?" Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nilijua anaogopa kama mimi, na nilijua pia kwamba hajadanganya hata neno moja. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mpaka leo nikikutana na mtu aliyenyamaza juu ya jambo baya, siharakishi kumhukumu. Mara nyingi ana sababu, na sababu yake ni nzuri.

Jumamosi mchana Bi Mwanahawa alirudi kutoka mahemani kupika. Saumu alikuwa kwenye dripu, shangazi yake anamlinda, na madereva walikuwa wamejaa benchini. "Moto ukizimika na mtoto atakula nini akirudi?" alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza. Niliingia jikoni kumsaidia kumenya vitunguu. Akatoa kwenye kapu fungu la giligilani mbichi, la kijani, lina umande, la asubuhi ile ile. Mama Fide alikuwa ameambiwa aache kukata chainizi. Kuhusu giligilani hakuna aliyemwambia, maana mimi na Bwana Silwimba tulikuwa tunaogopa kulitaja jani lenyewe. Kisu kilianza kushuka. Harufu ikajaa jikoni. Nilihesabu vichwa kupitia mlango: madereva kumi na mmoja. Nikaweka mkono wangu juu ya ubao, juu ya majani, mbele ya kisu.

"Nitakukata, mwanangu. Ondoa mkono."

"Bi, usiwape haya majani."

Nikamwambia yote. Nilimwambia kama nilivyokueleza wewe, bwawa la kwanza, la pili, la tatu, koki, makopo, kitalu. Nilieleza sana. Nadhani nilikuwa naeleza ili nisifike mwisho. Alisikiliza akiwa ameshika kisu vile vile.

"Ulifungua lini?"

"Jumatatu."

"Ukajua lini kuwa ni kosa?"

"Alhamisi."

Akakiweka kisu chini. "Na leo ni Jumamosi," alisema.

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alikusanya majani yote kwa viganja, akayatupa motoni, akamwaga na bakuli lililokuwa tayari. Dereva mmoja alipaza sauti kutoka benchini, "Mama, kachumbari imekwenda Zambia kugonga muhuri?" Wenzake wakacheka. Bi Mwanahawa akajibu, "Leo mnakula chakula cha wagonjwa," kisha akanawa mikono, akajifunga khanga ya pili. "Twende kwa Bwana Afya. Utayasema haya haya, kwa mpangilio huu huu. Na usilie njiani, utachelewa."

Bwana Afya wetu alikuwa kijana aliyekosa usingizi, amesimama mlangoni mwa mahema akiwapulizia watu dawa kwenye soli za viatu. Aliandika nilichosema, akatuma mtu sokoni kutafuta giligilani ya Mama Fide, na mwingine kumwita Bwana Silwimba. Nilitaka ardhi inifunike nilipomwona anakuja. Nilijua atasema sikufuata maelekezo, na angeaminiwa, kwa maana hakuna mtu aliyesikia maelekezo hayo isipokuwa sisi wawili na mwenye pikipiki. Alivua kofia. "Neno lilikuwa langu," alimwambia Bwana Afya. "Nilimwambia afungue likitakata. Mimi nikisema kutakata, naona kijani. Huyu katoka kwenye kahawa, akisikia kutakata anaona maji meupe. Sikumwuliza anaona nini." Akaikunja kofia mkononi. "Na nilimwambia asiseme. Hilo pia andika."

Aliandika. Bustani zilifungwa msimu mzima, na kina mama hawakunisalimia kwa muda mrefu. Asubuhi mbili mfululizo watu walisimama kwenye uzio wakitutukana, na jiwe moja lilivunja dirisha la kibanda chetu. Lakini mabwawa hayakufungwa. Bwana Afya alielewa upesi kwamba magari lazima yawe na pa kumwaga. Bwana Silwimba alinyang'anywa ufunguo. Akabaki pale pale kama kibarua, anachota tope la bwawa la kwanza kwa koleo, miaka mingi, na utani wake ukarudi kabla ya wangu. Kama ni maji yale yaliyomuumiza Saumu, sijui. Bwana Afya alipima pia kisima cha uani kwetu, ambacho kilikuwa hatua chache tu kutoka shimo la choo, akakikuta kibaya, akakifunga. Huenda ni kisima. Watu wamenipa jibu hilo kama zawadi, na nimelikataa kila mara, kwa kuwa siku mbili zile za kunyamaza hazikutoka kisimani. Siku hizi ninapowafundisha vijana wapya kazi hii, siwaambii "maji yakitakata". Nampa kila mmoja glasi, namwuliza anaona nini, namsubiri aseme kwa maneno yake. Wengine huona haya, hudhani nawajaribu. Nawaambia wasione haya. Mimi nilikuwa na haya, na mnaona.

Saumu alirudi siku ya sita, amebebwa, mwepesi kama kikapu kitupu. Kwa siku zote hizo Bi Mwanahawa alikuwa akinipa salamu tu, na chakula changu alikiacha kwenye stuli mlangoni. Nilikuwa nimefunga begi langu. Asubuhi ile aliniita kutoka jikoni, bila kunitazama. "Elina. Mpikie mtoto uji."

Nilisimama. Nikamwuliza, mimi? Akasema hamwoni Elina mwingine humu ndani. Nikachemsha maji, nikayaacha yachemke hadi mvuke ukajaa, nikayachemsha tena. Nikasuuza bakuli kwa maji ya moto, nikasuuza kijiko, nikakisuuza tena. Koroga, nilijiambia, koroga tu. Nilipompelekea, Saumu alikuwa ameegemea mto, macho makubwa usoni. Alichungulia ndani ya bakuli muda mrefu.

"Hamna wadudu?"

"Hamna."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifumbata, na hakuondoka. Mtoto alikunywa kijiko cha kwanza. Nilitazama koo lake linavyopanda na kushuka, na cha pili, na cha tatu, na kila kijiko niliogopa upya. Alipomaliza alilisukuma bakuli kwangu.

"Ongeza," alisema.

Uji ukamwagika kidogo mkekani. Nikaongeza.